Mkojo kuvuja baada ya kutolewa tezi dume: wazee wenzangu tuongee wazi

Tangu niandike hapa kwamba nimefanyiwa oparesheni ya kutoa tezi dume, meseji zinazoingia inboksi karibu zote zinauliza kitu kimoja, na hakuna anayeuliza mbele za watu. Hawaulizi saratani yenyewe, hawaulizi PSA yangu, kile kipimo cha damu cha tezi dume, inasomaje sasa hivi. Wanauliza mzee, vipi mkojo? Wengine hata neno lenyewe hawaliandiki, wanaandika "ile ishu nyingine". Kijana mmoja kaniandikia usiku wa manane kwamba baba yake ameacha kwenda msikitini na hasemi kwa nini, ila mama ndo anafua na anajua. Sasa nimeona niandike ninachokijua, na viungo nitavitaja kwa majina yake, mwenye haya afumbe jicho moja asome na lingine.

Kwanza tutenganishe oparesheni mbili, maana huku mtaani zote zinaitwa oparesheni ya tezi dume na hapo ndo watu wanatishana bure. Iko ya tezi kuvimba tu kwa umri, uvimbe ambao sio saratani. Hapo daktari anaweza kupitisha kifaa kwenye njia ya mkojo akakwangua nyama ya ndani inayoziba, wenyewe wanaiita TURP, au anafungua chini ya kitovu na kuitoa ile nyama, lakini kwa vyovyote ganda la nje la tezi linabaki palepale. Ile ya kufungua kwa mbele bila kupasua kibofu aliitangaza Terence Millin, daktari wa Ireland aliyekuwa anafanya kazi London, mwaka 1945, na mpaka leo kuna hospitali nyingi za kwetu wanafanya hivyohivyo tezi ikiwa kubwa sana. Mtu wa oparesheni hii akivuja wiki za mwanzo mara nyingi shida sio misuli, shida ni kibofu chenyewe. Kimesukuma mkojo kwenye njia iliyoziba miaka kadhaa, kuta zimekuwa nene, kimezoea fujo, kwa hiyo ukizibuliwa bado kinakurupuka na mkojo unakubana ghafla kabla hujafika chooni. Hiyo kawaida inatulia yenyewe. Wanaobaki wanavuja moja kwa moja ni wachache mno, kama mmoja kwa mia au chini ya hapo. Kwa hiyo we ambaye jirani yako kakutisha ukaamua kubaki na tezi lako lililoziba mpaka figo ziharibike, tafadhali rudi hospitali.

Ya pili ni ya saratani, ndo yangu mimi. Hapa tezi lote linatoka, pamoja na vile vifuko vya manii vilivyo nyuma yake, na kile kipande cha mrija wa mkojo kilichopita katikati ya tezi kinatoka nalo. Kisha daktari anachukua shingo ya kibofu anaivuta chini anaishona na mrija uliobaki. Hapo kwenye hiyo mishono ndo habari yetu yote ilipo.

Ili uelewe lazima tushuke kwenye mwili kidogo. Mifupa ya nyonga imekaa mduara na chini yake kuna uwazi, na huo uwazi umezibwa na misuli iliyotandazwa kuanzia mfupa wa kinena kwa mbele mpaka kifandugu kwa nyuma. Hiyo ndo wataalamu wanaita sakafu ya nyonga. Wengi tunaisikia kliniki ya wajawazito tukadhani ni mali ya akina mama peke yao, kumbe wanaume tunayo vilevile, tofauti kwetu inapitisha njia mbili, ya mkojo na ya haja kubwa, kwao inapitisha tatu. Kibofu kimekaa juu, nyuma ya mfupa wa kinena. Chini ya kibofu kuna tezi dume, ambalo kwa kijana lina kama gramu 20 hivi. Chini ya tezi ndo hiyo sakafu. Mrija wa mkojo unatoka kibofuni, unapenya katikati ya tezi, unatoboa sakafu, alafu unapinda kwenda mbele kuingia kwenye uume. Wote kwa mwanaume una kama sentimita 20, ila kwa habari ya leo kipande kinachotuhusu ni kile tu kinachopita kwenye sakafu, na kwa wengi hicho ni sentimita moja na kitu. Mheshimu huyo sentimita moja, ndo amebeba heshima yako.

Maana Mungu ametupa koki mbili. Ya juu iko kwenye shingo ya kibofu, ni msuli unaojiendesha wenyewe, huuamrishi, umelala umefunga, unaongea umefunga, na wakati wa tendo la ndoa unafunga zaidi ili manii yaende mbele yasirudi kibofuni (ndo maana waliokwanguliwa tezi wengi wanasema hakitoki kitu, kinarudi nyuma, sio ugonjwa). Ya chini iko palepale kwenye sentimita moja tuliyoisema, na hii unaweza kuiamrisha, ndo unayoibana ukiwa kwenye basi la mkoani na konda hataki kusimama. Haijazunguka mrija pande zote sawasawa. Kwa mbele ni nene, kwa nyuma ni nyembamba au haipo kabisa, imejishikiza kwenye nyama ngumu ya msamba, yaani ile sehemu kati ya korodani na tundu la haja kubwa. Ikikaza inausukuma mrija kurudi nyuma mpaka unabanwa na kufunga. Sehemu kubwa ya nyuzi zake ni za aina ya polepole, zinazoweza kushikilia masaa bila wewe kujua.

Pembeni yake kuna wasaidizi wawili. Mmoja unaanzia kwenye mfupa wa kinena, unazunguka nyuma ya njia ya haja kubwa kisha unarudi mbele ulikotoka. Ukikaza unavuta njia ya haja kubwa kuja mbele na unainua shingo ya kibofu. Ona basi, huyu anasukuma kutoka nyuma kuja mbele, koki ya chini inasukuma kutoka mbele kwenda nyuma, mrija uko katikati, utapona wapi. Msaidizi wa pili umefunika kitako cha uume hapo msambani, kazi yake ni kukamua matone ya mwisho ukishamaliza kukojoa na kusukuma manii wakati wake. Umeme wa huku chini mwingi unaletwa na mshipa wa fahamu unaotoka chini kabisa ya uti wa mgongo, kwenye pingili wanazoziita S2 mpaka S4.

Sasa rudi kwenye oparesheni ya saratani. Koki ya juu ilikuwa imegusana na tezi, tezi likitoka koki hiyo inatoka nalo au inabaki imejeruhiwa na kushonwa. Kwa maisha yote mpaka siku ile ya chini ilikuwa msaidizi tu, ghafla inaambiwa kazi yote ni yako, na yenyewe imetoka kuvutwa, imevimba, ina nyuzi za mshono juu yake. Ndo mkojo unavuja. Chanzo sio uzee, uchawi hauhusiki, wala sio kwamba daktari kakosea. Hata akiwa fundi wa mafundi, koki moja imeondoka. Kinachotofautisha mtu na mtu ni urefu wa kile kipande cha mrija kilichobaki chini ya tezi, aliye na kirefu kwenye picha ya MRI kabla ya oparesheni anakauka mapema kuliko mwenye kifupi, halafu na umri, na uzito wa tumbo, na kama mishipa ya fahamu ya pembeni imeachwa salama.

Hilo la kuacha mishipa lina historia yake na mi huwa naipenda. Oparesheni ya kwanza ya kutoa tezi lote kwa ajili ya saratani kwa njia iliyopangwa alifanya Hugh Hampton Young pale Johns Hopkins, Baltimore, mwaka 1904, akipitia msambani. Miaka zaidi ya sabini baadae watu walikuwa bado wanavuja sana na nguvu za kiume zinaondoka karibu kwa wote, kwa sababu mbele ya tezi kuna mishipa ya damu mingi, ukiikata damu inajaa na daktari anafanya kazi kwenye dimbwi hajui anakata nini. Patrick Walsh, hospitali hiyohiyo, akatafuta namna ya kuifunga hiyo mishipa ya damu kwanza, eneo likawa linaonekana, alafu akashirikiana na Pieter Donker, profesa mstaafu wa Leiden Uholanzi, wakaonyesha mishipa ya fahamu inapita wapi hasa, na mwaka 1982 akafanya oparesheni ya kwanza ya makusudi ya kuiacha. Wengi wanamkumbuka kwa habari za chumbani, lakini na koki ya chini ilinufaika, maana kitu ukikiona hukikati hovyo. Roboti za siku hizi zinapita njia hiyohiyo, tofauti ni macho makubwa na mikono midogo.

Tuje nyumbani. Ukitoka tieta unakuwa na mpira wa mkojo, wengi wiki moja mpaka mbili ili ule mshono upone. Mpira ukiwa ndani USIFANYE mazoezi ya kubana, unausugua mshono bure. Siku ukitolewa mpira ndo utajua. Mimi nilisimama kutoka kitandani na maji yakateremka mpaka kwenye kandambili, nesi wala hakushtuka, akanipa pampasi na kusema mzee ndo inavyokuwa. Ukilala haivuji sana, ukikaa haivuji sana, ukisimama inavuja, ukikohoa, ukipiga chafya, ukiinua ndoo, ukicheka. Na asubuhi afadhali, jioni ni balaa. Hiyo ya asubuhi na jioni iliwachanganya wengi walioniandikia wakadhani kuna kitu kimefunguka ndani mchana. Hapana, msuli umechoka. Ulishinda umesimama nao, ni msuli, unachoka kama miguu ya mtu aliyetembea.

Kwenye kuruhusiwa nilipewa karatasi ya fotokopi ya mazoezi. Juu ina mchoro wa mama mjamzito. Sicheki, ndo karatasi waliyokuwa nayo. Mazoezi haya yana jina la Arnold Kegel, daktari wa akina mama wa Marekani aliyeyaandika mwaka 1948 kwa ajili ya waliojifungua, na tangu hapo kila mtu anafotokopi. Karatasi ikasema kaza misuli kama unazuia ushuzi, hesabu mpaka kumi, achia. Nikakaza ushuzi kwa bidii zote na suruali ikaendelea kulowa.

Nilipopelekwa kwa mtu wa mazoezi tiba nikakuta binti mdogo kabisa, rika la mwanangu wa mwisho. Kaniamkia shikamoo baba, nikaitika, akafunga mlango, akasema, "Baba, leo tutaongea maneno ambayo binti haongei na baba yake, naomba unisamehe mapema." Nikamwambia mwanangu sema, mi nimeshalowa mbele ya nusu ya mji huu. Akaniuliza nakaza wapi. Nikamwambia nyuma. Akasema baba, mkojo unatokea nyuma? Wallahi nilicheka, na kucheka kwenyewe kukanivujisha.

Alichonielekeza ndo kiini cha maandishi haya yote, kwa hiyo soma taratibu. Ukikaza kama unazuia ushuzi unafanya kazi zaidi ule msuli unaozunguka njia ya haja kubwa na yule msaidizi wa nyuma. Sio vibaya, anainua shingo ya kibofu kidogo, lakini koki yenyewe ya mbele, yaani ile ya chini tuliyoisema, inafanya kidogo. Amri ya kuipata koki ya mbele ni nyingine: vuta uume uingie ndani, ufupishe. Au jifanye umeingia baharini asubuhi maji ya baridi yanapanda taratibu yanakaribia kugusa huko. Kile unachofanya pale bila kufikiri, ndo hicho. Simama mbele ya kioo bila nguo, ukipatia utaona shina la uume linarudi ndani kidogo na korodani zinapanda juu. Matako hayatakiwi kukaza, mapaja hayatakiwi kubanana, tumbo lisiwe gumu, na pumzi usiizuie, endelea kuhema kama unaongea na mtu.

Na hayakuwa maneno yake tu. Paul Hodges na Ryan Stafford na wenzao wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, waliweka mashine ya ultrasaundi hapo msambani wakawa wanaangalia kila msuli unavyosogea wakati mwanaume anaambiwa maneno tofauti tofauti. Amri ya kufupisha uume ndo iliyosogeza koki ya mbele zaidi, amri ya kukaza tundu la haja kubwa ikasogeza msuli wa nyuma. Yaani misuli ni ileile ya mtu yuleyule, kilichobadilika ni maneno ya kuelekezwa. Kwa hiyo ile fotokopi ya mjamzito kwangu mimi haikuwa na ubaya wa kuchekesha tu, ilinipeleka mlango wa nyuma wakati maji yanatokea mbele.

Kosa lingine tunalofanya wanaume ni nguvu. Tukiambiwa kaza tunakaza mpaka mishipa ya shingo inatoka. Ukikaza hivyo tumbo linasukuma kibofu chini kwa nguvu kuliko koki inavyofunga, unajivujisha mwenyewe. Binti aliniambia fanya nusu ya nguvu unayodhani inatakiwa. Alinipangia kama mara kumi za kushikilia, sekunde chache mwanzoni mpaka zifike kumi, katikati kupumzika muda uleule, alafu kumi za harakaharaka kaza-achia kaza-achia, mara tatu kwa siku. Kwanza umelala, ukizoea umekaa, ukizoea umesimama, kwa sababu wengi hatuvuji sana tukilala, kwa hiyo ukiishia kitandani hujafundisha kitu. Na kuachia ni muhimu sawa na kukaza, msuli uliokazwa kutwa nzima unakakamaa na kuuma na jioni hauna kitu. Kukata mkojo katikati ukiwa unakojoa sawa mara mojamoja kujipima kama umeupata msuli, ila usifanye kuwa ndo zoezi, unakichanganya kibofu.

Lakini zoezi lililonisaidia kuliko yote halina hesabu. Ni kukaza KABLA. Kabla ya kusimama, kaza mbele, kisha simama. Unahisi chafya inakuja, kaza, piga chafya. Kabla ya kuinua ndoo. Kabla ya kushuka kwenye daladala maana kile kidato cha mwisho ni kirefu. Kabla ya kuinuka kutoka kwenye sijda, hapo ndo nilikuwa nalowa sana. Mwanzoni unasahau, baadae mwili unajifanyia wenyewe, na siku hiyo ndo unaanza kurudi kwa watu.

Je mazoezi yanafanya kazi kweli au tunajipa moyo? Nimesoma, na majibu hayafanani. Pale Leuven, Ubelgiji, Van Kampen na wenzake walichukua wanaume 102 waliotolewa tezi, matokeo wakachapisha mwaka 2000, nusu wakafundishwa mazoezi na wataalamu mara tu mpira ulipotolewa, nusu wakapewa matibabu ya kuigiza tu ili kulinganisha. Baada ya miezi mitatu waliokauka kwenye kundi la mazoezi walikuwa asilimia 88, wale wengine asilimia 56. Kubwa hiyo. Alafu mwaka 2011 Uingereza wakatoa utafiti mkubwa zaidi, unaitwa MAPS, wanaume zaidi ya 800 wa oparesheni zote mbili, na baada ya mwaka mmoja kwa waliotolewa tezi lote wanaovuja walikuwa asilimia 76 kwa waliofundishwa ana kwa ana na 77 kwa wasiofundishwa. Yaani sawasawa tu. Mtu akiona hiyo 76 anapata presha, ila kaa chini. Pale kuvuja kulihesabiwa hata tone, na walioingia kwenye utafiti ni wale ambao wiki sita baada ya oparesheni bado walikuwa wanavuja, waliokauka mapema hawakuhesabiwa kabisa. Na hao wasiofundishwa nao walikuwa na vikaratasi vyao kama kawaida ya hospitali, sio kwamba walikaa bure.

Mi naisoma hivi: muda wenyewe unaponya sana, wengi wanapata nafuu kubwa ndani ya miezi mitatu mpaka sita na inaendelea mpaka mwaka na zaidi. Mazoezi sahihi yanakufikisha mapema. Mazoezi ya kukaza nyuma peke yake usishangae yasipokupa kitu. Na kama unaweza kuanza kabla ya oparesheni, anza, kuutafuta msuli ukiwa mzima ni rahisi kuliko kuutafuta ukiwa na kidonda. Hospitali ingekuwa yangu, hakuna mzee angeingia tieta kabla hajaonyeshwa zoezi hilo mbele ya kioo, inachukua nusu saa tu.

Mambo madogo madogo. Usiache kunywa maji ukidhani utakauka, mkojo ukiwa mzito unakiwasha kibofu na kinabana zaidi. Punguza chai ya rangi, kahawa na soda zenye kafeini, najua mji huu bila kahawa ya jioni kibarazani ni adhabu, mi nilishuka mpaka kikombe kimoja kwa muda. Usikimbilie chooni kila nusu saa "kwa tahadhari", kibofu kinajifunza kuwa kidogo. Choo kigumu kinakusukuma chini, kula mboga na mapapai. Pedi za kike zinafaa ukifika hatua ya matone, ni nafuu kuliko pampasi za watu wazima, muuza duka la dawa akikuuliza "za mama?" sema ndio, mambo yaishe. Ukitaka kujua kama unaendelea vizuri pima pedi kwenye mzani wa jikoni, toa uzito wa pedi kavu, kila gramu ni kama mililita moja ya mkojo. Ukiangalia wiki kwa wiki utaona inashuka hata kama moyoni unaona ni palepale. Na wa bodaboda mliouliza, wiki za mwanzo hapana, ile siti inakaa juu ya msamba palepale penye kidonda, subiri daktari wako akuruhusu. Baiskeli ndo mbaya zaidi.

Kuhusu ibada, hili ndo linalowafungia wengi ndani. Mimi sio shehe, nilimuuliza shehe wetu na jibu lake ndilo lililo kwenye fiqhi ya Kishafii tunayoifuata wengi huku pwani. Mwenye mkojo usiozuilika ana udhuru. Wakati wa swala ukishaingia unajisafisha, unaweka pedi au kitambaa safi, unatia udhu, unaswali bila kuchelewesha, na kitakachotoka hapo katikati hakikuharibii. Kila swala ya faradhi na udhu wake. Basi. Yule kijana wa usiku wa manane nilimtumia hiyo hiyo, nikamwambia usimsemeshe baba kuhusu mkojo, tafuta mzee wa makamo yake akae naye, mtoto hawezi kuanzisha mazungumzo hayo.

Kuna vitu sio vya kusubiri. Mpira umetolewa na mkojo hautoki kabisa, tumbo linajaa, nenda hospitali saa hiyohiyo hata kama ni usiku. Homa na baridi, nenda. Damu yenye mabonge, nenda. Na hii wengi hawaijui: ulikuwa unakojoa vizuri, taratibu mkondo ukawa mwembamba kama uzi huku bado unavuja, inawezekana pale kwenye mshono pameota kovu linabana njia, kibofu hakimalizi, kinafurika. Mazoezi hayatibu kovu, mwambie daktari.

Na ikiwa mwaka umepita, umefanya yote na bado unabadilisha pampasi kutwa, usiambiwe ndo maisha yako. Ziko oparesheni. Iko ya kuweka mkanda chini ya mrija kuuinua, kwa wanaovuja kidogo au kiasi. Kwa wanaovuja sana iko koki ya bandia, ya kwanza ilipandikizwa na F. Brantley Scott pale Houston, Marekani, mwaka 1972, na muundo unaotumika zaidi mpaka leo unaitwa AMS 800. Ni mkanda wenye maji unaozunguka mrija, kifuko cha maji tumboni, na pampu ndogo iliyofichwa kwenye mfuko wa korodani. Ukitaka kukojoa unaminya pampu, maji yanatoka kwenye mkanda, njia inafunguka, baada ya dakika chache inajifunga yenyewe. Bei yake sio ya mchezo na sio kila hospitali wanaijua, ndo maana ukiwekewa unapewa kadi ya kutembea nayo, na familia ijue. Siku ukiugua kitu kingine kabisa ukafikishwa hospitali hujitambui, nesi wa zamu anaweza kukuwekea mpira wa mkojo bila kujua kuna mkanda umefunga huko ndani, na mpira ukilazimishwa hapo unauchana mrija. Lazima mkanda ufunguliwe kwanza na mtu anayeujua.